Bibi Shamba Anajibu: Pasua Muwa Kabla Hujailaumu Ardhi

Safu ya toleo hili nimewaachia wakulima wa miwa. Barua zao zilikuwa zimerundikana mezani kwangu, na zao lenyewe ndilo lililonilea kikazi: nilianza kwa kubeba mizani na kuandika lebo kwenye mashamba ya majaribio, nikaishia kukabidhiwa kitalu cha mbegu. Mahindi ukiyaharibu msimu huu, msimu ujao unaanza upya. Muwa unaupanda mara moja tu, kisha unavuna, unachipua (machipukizi hayo ndiyo tunayoyaita marudio), unavuna tena, hata miaka mitano au sita. Ulichokifukia mferejini siku ya kwanza utakaa nacho miaka yote hiyo. Kwa hiyo msishangae mkiona namrudisha muulizaji kwenye mbegu hata alipouliza habari za funza au za mashine. Majina ya walioandika nimeyaacha, na barua nimezifupisha.

*Shikamoo Bibi Shamba. Miwa yangu iko marudio ya tatu. Mwaka wa kwanza ilinenepa vizuri, wa pili ikapungua, sasa imekuwa myembamba na pingili ni fupi. Majani ni ya kijani, sioni doa wala mdudu. Mbolea nimeongeza na bado. Jirani anasema ardhi imechoka. Je, ni kweli?*

Marahaba, mwanangu. Ardhi kuchoka kupo, sikatai, na nitaigusa kabla sijamaliza. Lakini kwanza chukua kisu kikali, nenda shambani asubuhi, ukate miwa kadhaa iliyokomaa kutoka pembe mbalimbali za shamba. Vichonge vifundo vya chini kwa mshazari, tabaka moja jembamba baada ya jingine, na uangalie ndani ya kifundo, usawa wa mahali jani lilipokuwa limeshikana na shina. Unatafuta vidoti na vistari vidogo vyenye rangi ya machungwa inayoelekea wekundu, vingine vimepinda kama alama ya mkato. Vinakaa ndani ya kifundo tu, haviingii katikati ya pingili. Angalia upesi, maana muwa uliokatwa ukipigwa na hewa hugeuka rangi na kukupoteza. Ukiviona, una sababu nzuri ya kushuku ugonjwa unaodumaza marudio. Usipoviona usijipe uhakika, kwa kuwa zipo aina za miwa zinazoumwa bila kuonyesha alama yoyote. Hapo peleka sampuli maabara.

Ugonjwa huu ndio ulionifanya niwe mkali kazini kupita kiasi, na sijutii. Uligunduliwa Queensland, Australia, mwaka 1944 na 1945, wakulima walipoona miwa ya marudio inakataa kukua bila sababu ya kuonekana kwa macho. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini ni kirusi. Ilibidi kusubiri hadi 1973 ndipo bakteria wakaonekana kwa hadubini ya elektroni, na 1980 ndipo wakafanikiwa kuwaotesha maabara. Leo wanaitwa Leifsonia xyli. Wanaishi ndani ya mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Sasa unaona kwa nini mbolea yako haikufua dafu: muwa una chakula, lakini maji yanapanda kwa taabu. Unaona pia kwa nini hasara hujitokeza hasa mwaka wa ukame, huku mwaka wa mvua nyingi mkulima akidhani amepona.

Hauenezwi na upepo wala na inzi. Unaenezwa na sisi. Panga likikata muwa mgonjwa, maji yake yenye bakteria yanabaki kwenye makali, na shina linalofuata linaambukizwa pale pale. Mbegu ikitoka shamba la jirani lenye ugonjwa, umeupanda kwa mikono yako. Hata visiki vya zamani ulivyodhani umevilima vikichipua katikati ya miwa mipya, navyo vinaurudisha.

Hakuna dawa ya kupulizia. Tiba ni maji ya moto, na inafanywa kwenye mbegu kabla ya kupanda: mapando, yaani vipande vya muwa vya kupandia, yanazamishwa katika maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa mbili, na baadhi ya nchi hufika saa tatu. Anayesoma tu huiona kazi rahisi, ila mimi nimesimama kando ya tangi hilo na kipimajoto mkononi. Joto likipanda nyuzi mbili zaidi, macho ya muwa yanaanza kufa. Likishuka, bakteria wanabaki hai na kazi yote ni bure. Ukitumbukiza mapando baridi mengi kwa mpigo, joto linaporomoka hapo hapo, kwa hiyo saa unaanza kuihesabu maji yakisharudi kwenye nyuzi 50, si wakati ulipotumbukiza. Na maji lazima yazungushwe muda wote, vinginevyo juu ni moto na chini ni vuguvugu. Mapando yakitoka humo huchovywa kwenye dawa ya kuvu, maana yamedhoofika na kuoza kuko karibu. Macho mengine hayataota hata ukifanya yote sawasawa. Ongeza mbegu, usilie.

Hiyo si kazi ya mkulima mmoja, na sikushauri uchemshe maji kwenye pipa ukibahatisha kwa kidole. Ungana na wenzako au chama chenu mpate mbegu iliyotibiwa kutoka kituo cha utafiti au kiwandani, mwipande kwenye kitalu cha pamoja, muizalishe humo, ndipo kila mtu achukue ya kupanda shambani kwake. Kitalu hicho kikatwe na panga lake lenyewe, lioshwe kwa maji kuondoa utomvu kisha lifutwe kwa spiriti kila mnapohama mstari. Wakataji watanung'unika. Wavumilie, lakini msimamo usilegee.

Shamba lako la sasa haliponi. Livune, ling'oe, hakikisha visiki vimekufa kabisa, na usirudishe miwa mara moja. Hapo ndipo jirani yako ana hoja. Australia kulikuwa na utafiti wa miaka mingi, kuanzia 1993, kuhusu mashamba ya miwa ambayo mavuno yake yalikuwa yameshuka. Waliona kwamba muwa juu ya muwa bila kupumzika hujaza udongo vimelea vinavyokula mizizi, na kwamba zao la jamii ya kunde likikaa hapo katikati, soya kwa mfano, miwa inayofuata huongezeka. Panda kunde, soya au choroko, chochote kinachokubali kwako, kisha rudi na mbegu safi.

*Bibi Shamba, funza wananimaliza. Nikipasua muwa nakuta njia ndani, nyekundu, imejaa unga wa kinyesi. Nimepiga dawa sana. Kijana mmoja amenishauri nilete vyura wengi shambani wawale wadudu. Wewe unasemaje?*

Ndugu yangu, vyura waache huko waliko. Mwaka 1935 Queensland waliingiza vyura wakubwa takriban 100 kutoka Hawaii ili wale mende wanaoharibu miwa. Mende aliyekomaa hukaa juu ya miti, na mtoto wake hukaa ardhini akila mizizi. Chura hapandi mti na hachimbi kufuata mizizi. Mende waliendelea na maisha yao, vyura wakazaana, wakaenea kaskazini na magharibi ya nchi, na kwa kuwa ngozi yao ina sumu, wanyama waliojaribu kuwala walikufa. Hadi leo bado wanasambaa. Kila mara mtu anaponiletea mnyama wa kufungulia shambani namuuliza kwanza: huyu mdudu wako analala wapi, anataga wapi, na huyo mlaji atamfikia kwa njia gani?

Nawe jiulize hivyo hivyo kuhusu dawa yako. Dawa inalowesha majani, funza yuko ndani ya shina. Kwa bara letu la Afrika, funza anayesumbua sana ni Eldana saccharina. Nondo wake hutaga mayai nyuma ya majani makavu yaliyoushika muwa. Mayai yakiangua, vifunza huzungukazunguka nje siku chache, kisha hutoboa na kuingia. Ukipuliza nje ya siku hizo chache umelipia maji na uchovu, na umewaua nyigu na siafu waliokuwa wakikusaidia.

Utafiti mwingi juu ya Eldana umefanyika Afrika Kusini, na uliyonayo ndani ya uwezo wako ni haya. Eldana hupenda muwa mzee, kwa hiyo usiuache shambani kupita umri wake, na usibakize kipande hiki na kile ukisema utakivuna mwakani. Kwenye pwani ya KwaZulu-Natal mdudu huyu amewalazimisha wakulima kuvuna mapema kuliko walivyozoea. Hupenda pia muwa wenye kiu, na muwa uliolishwa naitrojeni kupita kiasi, kwa kuwa shina hilo ni laini na lina protini nyingi. Naomba usome sentensi hiyo mara ya pili, maana wakulima wengi wakiona funza huongeza urea wakidhani wanaupa muwa nguvu. Wanaonenepa ni funza. Kinyume chake ni silikoni, madini ambayo muwa huyafyonza na kuyapanga kwenye ganda lake: majaribio yameonyesha kwamba muwa uliopata silikoni ya kutosha, hasa ukiwa kwenye kiu, hutobolewa kwa shida zaidi.

Kuna jambo lingine linalonifurahisha kila ninapolieleza. Eldana si mgeni, ni mwenyeji wa vinamasi vya Afrika, na makazi yake ya asili ni mafunjo na ndago kubwa za majini. Ukifyeka bonde lote hadi ukingo wa maji upande miwa, umemnyang'anya kwake, atahamia kwako. Watafiti wakachukua mbinu ya kusukuma na kuvuta iliyoanzia Kenya miaka ya 1990 kwenye mahindi, wakaigeuza ifae miwa: kinamasini mafunjo yanaachwa ili yawavute nondo, na pembezoni mwa shamba inapandwa nyasi ya molasi, ile yenye manyoya na harufu nzito, ambayo nondo huikimbia na nyigu huifuata. Haimalizi funza wote. Inawapunguza, na haina gharama ya kila msimu.

Habari za nyigu umezisikia bila shaka, maana Brazili wamefanya kazi kubwa. Funza wao ni mwingine, Diatraea, na tangu miaka ya 1970 wanamfugia nyigu mdogo mweusi aitwaye Cotesia flavipes, asili yake Asia. Nyigu huyu huingia ndani ya njia ya funza, humchoma na kumtia mayai, watoto wake humla funza kutoka ndani kisha hutoka na kusokota vifuko vyeupe kama pamba. Wana viwanda vya kuwazalisha, wanapelekwa mashambani kwenye vikombe. Lakini nyigu aliyefaa kwa funza wa Brazili si lazima afae kwa wako. Dhidi ya Eldana, nyigu wengi walijaribiwa na wachache mno walikubali. Brazili pia, mwaka 2017, iliidhinisha muwa uliotiwa jeni ya bakteria ili funza akiula afe. Hilo kwako litategemea sheria za nchi yako.

Fanya hivi. Kata miwa 100 kwa kubahatisha, usichague, upasue yote, uhesabu mingapi imetobolewa na funza wangapi wamo. Andika. Rudia baada ya miezi mitatu. Bila hesabu hiyo hata mtaalamu bora hawezi kukuambia kama unashinda au unashindwa. Funza nao watie kwenye chupa yenye spiriti, mpelekee afisa ugani awatambue, kwa sababu yote niliyoandika yanageuka jina la mdudu likigeuka. Na mapando yenye matundu usiyapande kamwe.

*Mimi ni mwanafunzi wa kilimo. Kwa nini aina mpya ya muwa huchukua miaka zaidi ya kumi kutoka? Na huu upimaji wa jeni hautaharakisha?*

Swali zuri, mwanangu. Muwa hutoa mbegu halisi kwenye ua lake, punje ndogo zenye vinyweleo, na kila punje inaota mmea tofauti na ndugu zake. Watu hawakuzitumia mbegu hizo kuzalisha aina mpya hadi mwishoni mwa karne ya 19, Java na Barbados. Java walikuwa wamebanwa: ugonjwa ulioitwa sereh ulikuwa unateketeza miwa yao mitamu. Wakauchavusha muwa mtamu na muwa mwitu, mwembamba, mgumu, usio na sukari ya maana lakini usioogopa magonjwa, wakarudia kuurudisha kwenye utamu kizazi baada ya kizazi. Kutoka kazi hiyo ilipatikana aina iitwayo POJ 2878, iliyochavushwa mwaka 1921, na damu yake iko kwenye miwa mingi ya leo. India nao walifungua kituo cha Coimbatore mwaka 1912, watafiti Barber na Venkatraman wakatoa aina ya Co 205 kwa njia hiyo hiyo. Ukikutana na aina zenye herufi NCo, jua mbegu zake zilitengenezwa Coimbatore na miche ikachaguliwa Natal, Afrika Kusini.

Sasa hesabu muda. Unaanza na miche makumi ya maelfu, kila mmoja wa aina yake. Unaipunguza kwa macho, kisha kwa mizani, kisha kwa kupima sukari, kisha kwa kuiambukiza magonjwa makusudi. Muwa unachukua mwaka au zaidi kukomaa, na huwezi kuupitisha bila kuona marudio yake, kwa kuwa mkulima ataishi na marudio. Wapo waliong'ara mwaka wa kwanza, marudio ya pili wakaisha. Niliwaona wengi tukiwafuta kwenye daftari na nilisikitika kila mara.

Jeni zitasaidia, lakini jenomu ya muwa, yaani jumla ya jeni zake zote, ni msitu. Binadamu ana nakala mbili za kila kromosomu. Muwa wa kisasa una kromosomu zaidi ya 100, nakala nyingi zinazofanana na hazilingani, nyingi za muwa mtamu na chache za muwa mwitu. Jenomu ya aina moja maarufu, R570, ilichapishwa kwa ukamilifu wake mwaka 2024, na hapo hapo ikawezesha kuonyesha kwa usahihi jeni zinazoukinga muwa na ugonjwa wa kutu ya kahawia. Alama za namna hiyo zitaondoa miche dhaifu mapema. Marudio yatabaki kupimwa shambani, kwa panga na mizani. Soma jeni, mwanangu, lakini uzoee na tope.

*Mwenzangu Bibi Shamba, nichome miwa kabla ya kuvuna au nisichome? Wakataji hawataki kuingia shamba lisilochomwa, wanasema majani yanawakata na nyoka wamo. Na pia kiwandani wananiambia miwa yangu haina utamu.*

Dada, umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo linalokuumiza zaidi, nitalitolea jasho zaidi.

Moto kwanza. Huko Mount Edgecombe, Afrika Kusini, kuna jaribio lililoanzishwa mwaka 1939 ambalo upande mmoja miwa huchomwa na upande mwingine majani huachwa yakaifunika ardhi. Bado linaendelea. Udongo wa upande wa matandazo una mboji zaidi na uhai zaidi kwenye tabaka la juu, na kwa shamba linalotegemea mvua matandazo hutunza unyevu na kunyima magugu mwanga. Jimbo la São Paulo, Brazili, lilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuondoa uchomaji hatua kwa hatua. Mimi niko upande wa majani. Ila sitakuficha upande wa pili: walipoacha kuchoma, mdudu mmoja anayejifunika mapovu kama mate kwenye mizizi alifurahia unyevu ule akawa balaa, wakalazimika kumpuliza kuvu aitwaye Metarhizium anayeua wadudu. Na kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, au nyanda za baridi, matandazo mazito huchelewesha machipukizi. Hapo yasogeze yakae mstari mmoja ndiyo mmoja siyo. Kuhusu wakataji, wana haki. Wape glavu, viatu na kinga ya miguu, na uwalipe zaidi kwa muwa usiochomwa, kwa sababu mtu mmoja hukata mzigo mdogo zaidi.

Sasa utamu. Simama nyuma ya wakataji wako nusu saa tu na uangalie panga linapotua. Sukari ya muwa hujaa kuanzia chini, pingili za karibu na ardhi ndizo tajiri kuliko zote. Mkataji aliyechoka hainami, anaacha kisiki cha kiganja kizima. Umeacha sukari yako bora shambani, umewaachia funza nyumba, na machipukizi yatatokea juu ya kisiki badala ya ardhini, hayatakuwa na mizizi yake imara. Halafu tazama juu. Kilele kile laini hakina sukari ya kuganda, kina wanga na sukari sahili zinazomsumbua mpishi wa kiwandani. Wengi hukiacha kirefu ili mzigo uwe mzito. Mizani itakusifu, kipimo cha utamu kitakushtaki.

Kabla ya kukata, pima. Rifraktomita ya mkononi inaenea kwenye mfuko wa shati. Toboa pingili ya chini, dondosha tone la maji yake kwenye kioo, funika, elekeza kwenye mwanga, soma mahali kivuli kinapokata mstari: hiyo ndiyo Briksi, yaani vitu vyote vilivyoyeyuka, ambavyo kwa muwa mbivu vingi ni sukari. Fanya hivyo pia kwa pingili ya juu. Kipimo cha juu kikiwa kidogo sana kuliko cha chini, muwa bado. Vikikaribiana, umeiva. Kama unamwagilia, yapunguze maji taratibu wiki kadhaa kabla ya kuvuna, maana muwa ukipata kiu ya wastani huacha kurefuka na kuweka akiba.

Ukishakata, saa inakimbia. Sukari huanza kuvunjika ndani ya muwa wenyewe, na bakteria wa Leuconostoc huingia kupitia kidonda cha panga, huigeuza kuwa dekstrani, utelezi unaofanya maji ya miwa yawe mazito na kuzuia sukari kuganda vizuri. Muwa mzima ufike kinuni ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana. Uliochomwa na kukatwa vipande vifupi hauna hata muda huo. Usikate leo kwa kuwa wakataji wapo leo. Kata siku ambayo gari una uhakika nalo. Nimeona lundo zuri kabisa likilala kando ya njia kusubiri usafiri mpaka likanuka uchachu, na mwenye shamba akaishia kulaumiwa yeye kwa miwa isiyo na utamu.

*Tuna mpango wa kununua mashine ya kuvunia kama kikundi. Tuangalie nini?*

Angalieni mistari yenu kabla ya mashine. Australia walifika mahali ambapo miwa yote huvunwa kwa mashine tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na somo walilolipata kwa gharama ni kwamba magurudumu yasiyolingana na nafasi ya mistari hukanyaga visiki na kuushindilia udongo, na marudio hudhoofika. Wengi wakapanua mistari ifuate mashine. Kwa hiyo kama miwa yenu iko ardhini tayari kwa nafasi nyembamba, mashine isubiri mpande upya. Shamba liwe tambarare, lisilo na mawe, na mistari mirefu. Msiingie kukiwa na tope. Na feni ya kupepeta majani msiifungulie mpaka mwisho, hurusha na vipande vya muwa.

*Shikamoo Mama. Mume wangu ni mkataji wa miwa. Jioni anarudi na kichwa kinamuuma, mkojo wake ni mweusi kama chai, anameza vidonge vya maumivu na kesho anarudi. Ana umri mdogo. Nimeogopa.*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuogopa. Mpeleke hospitali wiki hii, mweleze daktari kazi anayofanya na rangi ya mkojo, na umwombe apimwe figo kwa damu na mkojo. Usingoje maumivu, figo huumia kimya.

Amerika ya Kati, tangu miaka ya 1990, madaktari wamekuwa wakiona vijana wakataji wa miwa wakifa kwa figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Utafiti bado unaendelea, lakini kazi nzito kwenye joto kali bila maji na bila kupumzika imeonekana kuwa chanzo kikubwa. Walipojaribu mpango wa maji, mapumziko na kivuli huko El Salvador na Nikaragua, wakataji walikunywa maji zaidi na madhara kwa figo yakapungua pale mapumziko yalipofuatwa kwelikweli.

Maji yawe karibu naye, si mwisho wa shamba, na anywe kidogo kidogo kabla kiu haijamshika, pamoja na maji yenye chumvichumvi ya kurudisha nguvu, si soda. Apumzike kivulini kila baada ya muda, aanze alfajiri na kuacha jua linapokuwa kali. Vidonge aina ya ibuprofeni na diklofenaki asivitumie akiwa amekauka kwa jasho, hapo ndipo vinapoiumiza figo. Na kama analipwa kwa tani bila mapumziko, wakataji waende kwa msimamizi kwa pamoja wadai kivuli na maji. Wewe mwenye shamba unayesoma hapa, usingoje wakujie. Turubai na mapipa mawili ya maji safi viwe shambani kabla panga la kwanza halijashuka.